Mizani, Daraja na Bei: Jinsi Mkulima wa Pamba Alivyojifunza Kuuza

Kulima ni kazi moja, na kuuza ni kazi nyingine. Mkulima hodari aweza kuvuna pamba nyingi na bado akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa maana shamba humpa mtu mazao, lakini soko ndilo limpalo fedha. Wengi wetu hudhani kwamba kuuza ni jambo la siku moja tu, siku ya kupima. Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, nimeona yafaa nieleze kwa ufupi jinsi wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walivyojifunza kazi ya kuuza, ili tujue tulichorithi na tunachodaiwa.

Tutazame kwanza njia ya pamba yenyewe. Mkulima huuza pamba mbegu. Ikifika jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia, kadiri ya theluthi moja ya uzito wake hutoka nyuzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa mifugo. Nyuzi hufungwa marobota na kuuzwa kwa wenye viwanda vya nguo, ambao wengi wao wako ng'ambo. Kila hatua ina gharama yake na faida yake. Auzaye katika hatua ya kwanza tu hupata fungu la hatua ya kwanza tu. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya soko, na wazee wetu waliitambua mapema.

Zamani za utawala wa Waingereza, jineri za Jimbo la Ziwa zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, na pamba ilinunuliwa na wao na mawakala wao. Bei ya mkulima ilitangazwa na Serikali kila msimu. Mtu angeweza kudhani kwamba, maadam bei imetangazwa, mkulima alikuwa salama. La, haikuwa hivyo. Bei ikisha kufungwa, mnunuzi asiye mwaminifu hana tena mahali pa kujiongezea faida ila kwenye mizani. Wakulima wengi hawakujua kusoma mizani, na manung'uniko juu ya kupunjwa yalienea kotekote. Basi harakati za ushirika katika nchi ya pamba hazikuanza kwa kudai bei kubwa. Zilianza kwa kudai uzito wa haki.

Miongoni mwa waliosikia manung'uniko hayo alikuwa Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walijikusanya wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito wa mkulima ujulikane kabla haujaandikwa na mnunuzi. Hapo ndipo vyama vya msingi vilipochipuka. Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana katika Shirikisho la Victoria, na mwaka 1956 shirikisho hilo likajenga jineri yake ya kwanza huko Kasamwa, Geita. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, ununuzi wa pamba ya mkulima katika jimbo lile ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa vyama vyake. Angalieni mpango wao ulivyofuatana: kwanza mizani, kisha ununuzi, kisha kiwanda. Hawakurukia jineri kabla ya kujua kupima.

Kanuni ya pili ni ya kukusanya. Mkulima mwenye kilo mia tatu hawezi kupanga bei na mtu yeyote, hupokea anachopewa. Lakini mizigo midogo ikiwekwa pamoja katika ghala moja, mnunuzi huokoa gharama ya kuzunguka vijijini, na gharama aliyoiokoa yaweza kuongezwa katika bei. Kwa sababu hiyo nguvu ya ushirika si kelele za mkutanoni. Ni mzigo mkubwa, uliopimwa vema, uliowekwa mahali panapofikiwa na lori.

Kanuni ya tatu ni daraja. Pamba safi huwekwa mbali na pamba fifi. Mwenye kiwanda cha nguo aliye mbali hamjui mkulima kwa sura. Humjua kwa robota analolifungua. Akikuta mchanga, mashine yake huharibika. Akikuta nyuzi zilizochakaa kwa unyevu, hukumbuka zilikotoka na kupunguza bei ya msimu ujao. Hivyo mtu anyunyiziaye pamba yake maji ili iwe nzito hamwibii mnunuzi peke yake. Huwaibia jirani zake wote, kwa kuwa jina la soko ni moja. Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walisimamia jambo hili hili: bidhaa isiyochanganywa na takataka, na uzito kamili.

Kanuni ya nne ni imani, nayo haipatikani kwa amri. Huko Kilimanjaro, wakulima wa kahawa walikuwa wameanzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Baadaye iliamriwa kwamba kila mkulima auze kahawa yake kwa njia ya chama tu. Bei ilipoanguka, na wakulima hawakuelezwa wakaridhika, ghasia zilizuka mwaka 1937, na maghala ya vyama yakashambuliwa. Amri yaweza kuleta mazao ghalani, lakini haiwezi kuleta moyo wa mwenye mazao.

Sisi wa pamba nasi tulipata somo letu. Mwaka 1966 Tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, ikaona wanachama wasiojua mambo ya chama chao, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na kuingiliwa na wanasiasa. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na ile ya mwaka 1991 ikalenga kuviacha vijitegemee. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa makampuni binafsi. Tangu hapo mwanachama amekuwa na mahali pengine pa kwenda, na chama kimelazimika kustahili kuchaguliwa.

Hapo ndipo tulipo leo. Mnunuzi wa pembeni huja na fedha taslimu mkononi na bei yenye kupendeza. Tufanye hesabu kwa mfano. Chama chatoa shilingi 1,200 kwa kilo, naye atoa 1,250. Lakini mizani yake humeza kilo 5 katika kila 50. Kwake mkulima hulipwa kilo 45, yaani shilingi 56,250. Kwenye chama hulipwa kilo 50, yaani shilingi 60,000. Aliyetazama bei peke yake amepoteza shilingi 3,750 katika kila kilo 50, naye huondoka akishukuru.

Hata hivyo hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja: mizani ya chama iwe ya haki, makato yake yaandikwe wazi, na malipo yasicheleweshwe. Ada ya shule haingoji kikao cha halmashauri. Kiongozi amlaumuye mwanachama kwa kuuza pembeni, na huku fedha za msimu uliopita hazijalipwa, hana haki ya kulaumu.

Ndugu wanachama, na ninyi viongozi wenzangu, miaka kumi ni umri wa mtoto aliyekwisha kujua kusoma. Basi na tusome. Kila mwanachama ajifunze kusoma mizani, adai stakabadhi yake, na aulize makato yake mkutanoni bila kuogopa. Kila karani ajibu bila kukasirika. Wazee wetu walianza na mpimaji mwaminifu kando ya mizani. Sisi wenye maghala na vitabu vya hesabu hatuna udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.