Luol Deng: Dogo Mkimbizi Aliyerudi na Timu Nzima

Ukimuona Luol Deng leo unaweza kudhani ni mtoto wa kishua tu, kazaliwa kwenye hela. Hapana aisee. Jamaa kazaliwa 1985 Wau, Sudan Kusini ya sasa, vita ikiwa imepamba moto. Familia ikakimbilia Misri, na huko ndiko Manute Bol, yule Mdinka wa NBA mwenye futi 7 na inchi 7, alipowafundisha kikapu yeye na kaka zake. Hebu fikiria una mwalimu kama huyo!

Baadaye Uingereza ikawapa hifadhi, wakaishi kusini mwa London. Miaka 14 tu dogo akaenda shule Marekani, 2004 akaingia NBA akiwa chaguo la 7. Chicago Bulls akawa tegemeo, All-Star mara 2.

Hapo wengi wangeishia kula bata. Yeye 2019 akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, akatoa pesa mfukoni mwake, maana nchi haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani. Wachezaji? Wengi nao walikulia ukimbizini.

Julai 2024, London ileile iliyompokea, vijana wake wakaitoa jasho Marekani ya LeBron: 101-100, pointi moja tu! Siku nane baadaye, Olimpiki Ufaransa, wamesimama mkono kifuani, wakapigiwa wimbo wa taifa wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo 2011. Jamani! Ukakatwa, wakasubiri, ukapigwa wa kwao.

Wakaichapa Puerto Rico 90-79.