Mpira wa Ruvuma na Baiskeli za Barafuni

Katika nchi za kaskazini, maziwa yagandapo wakati wa baridi, watu hushindana kwa baiskeli juu ya barafu, matairi yakiwa na meno ya chuma. Mtwara haina barafu, lakini historia ya tairi inaigusa. Kabla Dunlop hajasajili tairi lake la upepo mwaka 1888, wenyeji wa nyanda za Makonde na Ruvuma walikwisha kugema mpira-pori, ndugu wa mbungo, wakaushusha Mikindani na Lindi upelekwe Unguja, kisha ng'ambo. Baiskeli zilipoenea, mpira ulitafutwa zaidi, na mimea mingi ikakatwa. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia uliporomosha bei. Majina ya washindi wa mbio yameandikwa. Ya wagema hayakuandikwa, nao ndio waliotangulia.