matumizi ya serikali

*nm* [ya-] Fedha ambazo serikali hutoa ili kutekeleza majukumu yake. Katika bajeti ya Tanzania hugawanywa kuwa *matumizi ya kawaida*, kama vile mishahara ya walimu, na *matumizi ya maendeleo*, kama vile ujenzi wa gati la mita 300 katika bandari ya Mtwara.

Tanbihi: Katika kupima pato la taifa, maana hufinyika: huhesabiwa tu fedha zilizolipia bidhaa au huduma. Pensheni ambayo Hazina humlipa mstaafu wa Mikindani imo katika bajeti, lakini haimo katika kipimo hicho. Anapoinunulia samaki, huingia katika *matumizi ya kaya*. Anayechanganya maana hizi mbili huhesabu shilingi ileile mara mbili.