UZI: Mikopo ya akina mama, na somo ambalo Asia ililipia kabla yetu

1/ Msimu wa kampeni ukifika, ahadi haikosi: hazina ya mikopo ya akina mama. Upande mmoja unashangilia, mwingine unasema ni pesa za kununua kura. Nasoma sayansi ya siasa, na naona pande zote mbili zinaruka historia. Twende Asia kidogo.

2/ Ahmedabad, India, 1972. Wachuuzi wa mboga, wabeba mizigo na washonaji wa nyumbani wanaunda chama cha wafanyakazi, SEWA. Mwanzoni maafisa wanakataa kukisajili. Ati hawana mwajiri, sasa watadai haki kwa nani? Wanawake wakajibu: chama ni cha kutuunganisha, si lazima kiwe cha kupigana na mwajiri. Kikasajiliwa mwaka huo huo.

3/ Benki hazikuwataka, na wakopeshaji wa mtaani waliwanyonya kwa riba. Kwa hivyo 1974, wanawake 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja na kufungua benki yao. Angalieni mpangilio: umoja kwanza, mkopo baadaye. Na benki yenyewe ni mali yao.

4/ Bangladesh, 1976. Mhadhiri mmoja wa uchumi anakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra kama dola 27 kwa jumla. Kufikia 1983 ni Grameen Bank: hakuna dhamana, mnakopa kwa vikundi, na baadaye zaidi ya 90% ya wakopaji ni wanawake. 2006 ikapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia nzima ikaiga, sisi pia.

5/ Lakini tulichoiga ni mkopo tu. Mwaka wa 1996, Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walichapisha utafiti kuhusu mikopo ya vijijini Bangladesh. Sehemu kubwa ya mikopo ya wanawake ilikuwa mikononi mwa waume au ndugu wa kiume. Yaani deni ni la mama, pesa ni za baba.

6/ 2010, jimbo la Andhra Pradesh, India: mashirika yalishindana kukopesha, mama mmoja anadaiwa na matatu au manne. Visa vya watu kujiua vikahusishwa na madeni, na serikali ya jimbo ikabana biashara hiyo kwa sheria.

7/ Shirika la BRAC, Bangladesh, liliona mapema kwamba mkopo hauwafikii walio maskini kabisa. 2002 likaanza mpango mwingine: unapewa ng'ombe au mbuzi, si deni. Unapata posho ya muda, mafunzo, na mtu wa kukutembelea mara kwa mara. Mpango wa aina hiyo ulijaribiwa nchi 6, Ethiopia na Ghana zikiwemo, na mwaka mmoja baada ya kuisha, familia bado zilikuwa na hali bora.

8/ Ni ghali, ndiyo. Haupigiwi picha vizuri kama hundi kubwa ya kadibodi uwanjani. Lakini mgombea akija na ahadi ya hazina, usimuulize ni bilioni ngapi. Muulize hivi: Pesa zitashikwa na nani nyumbani? Biashara ikianguka, deni linabaki kwa nani? Na akina mama wenyewe wana kiti mezani, au wanaitwa tu siku ya uzinduzi kuimba?