Kibarua, Kipande na Manamba: Viambishi Katika Majina ya Kazi

Majina mengi ya kazi katika Kiswahili yameundwa kwa viambishi awali: m-/wa-, ki-/vi-, ma- na u-. Mzizi unaweza kuwa wa Kibantu, wa Kiarabu au wa Kiingereza, lakini ukishapachikwa kiambishi, neno huingia katika ngeli na kuanza maisha mapya. Matatu kati ya majina hayo, kibarua, kipande na manamba, yana asili moja: yalianza kama kitu alichokabidhiwa mfanyakazi.

Kibarua ndilo kongwe zaidi. Barua ni neno lenye asili ya Kiarabu. Ki- ya udogo iliifanya kijikaratasi. Zanzibar katika karne ya 19, aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, akakirudisha wakati wa malipo. Wengi wao walikuwa watumwa walioruhusiwa na mabwana zao kujitafutia kazi mjini, kama kubeba mizigo bandarini au kuchambua sandarusi, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Sheria ya 1897 iliondoa hadhi ya utumwa Zanzibar. Neno likabaki kwa watu huru. Jina la karatasi lilikwisha kuhamia kwa mtu, kisha likaishika na kazi yenyewe. Upatanisho wa kisarufi unatenganisha maana hizo mbili: anayesema "kibarua amefika" anamtaja mtu, na anayesema "kibarua kimeota nyasi" anaitaja kazi iliyopotea.

Kipande kimetokana na pande. Nchini Kenya, sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyeondoka shambani kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumruhusu aliweza kusakwa na kushtakiwa. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walipinga kipande tangu 1921, lakini hakikufutwa hadi 1947. Hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho cha taifa kipande.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakumaliza sehemu aliyopangiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo "mwezi" wa kipande uliweza kuupita mbali mwezi wa kalenda.

Katika mashamba hayohayo ndimo lilimoenea jina manamba. Mkonge uliletwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kazi ya kuukata ilihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu na Tanga. Wengine walitolewa Kigoma, Songea na hata Ruanda-Urundi, na mwaka 1944 ikaundwa ofisi ya pamoja ya kuwakusanya, SILABU. Mkataba ulimpa kila mmoja namba. Ma- ikaigeuza namba kuwa kundi la watu. Nchini Kenya, neno hilohilo sasa ni jina la wapiga debe wa matatu.

Vyama vya wafanyakazi vilipokua, majina ya m-/wa- yalisikika zaidi. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama hivyo Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Mfanyakazi ni jina linalotokana na kitendo cha mtu, si karatasi yake. Kitenzi ajiri nacho kinatoa mwajiri na mwajiriwa, sauti -w- ikiwa ndiyo inayoonyesha nani anaajiri na nani anaajiriwa.

Mzizi ongoz- unaonyesha upana wa mfumo huu: kiongozi ni mtu, uongozi ni hali au kazi yake, mwongozo ni maelekezo. Mwongozo wa chama tawala cha TANU wa 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakautumia kuwahoji mameneja wao.