Waliyemwita "Namba Mbili" Aliipima Dunia kwa Kijiti

Wacha nianze na aibu yangu. Juzi stima ilipotea kwa ploti yetu, tukatoka nje tukakaa kwa ngazi tukipiga stori. Jirani yangu mmoja wa boda akaniangalia akasema, "Wewe si ndio wa historia? Ebu niambie, nani alikudanganya dunia ni mviringo? Ushawahi kuiona?" Alikuwa ametazama video inayosema dunia ni bapa kama chapati. Watu wakacheka, nami nikacheka. Alafu nikafungua mdomo kumjibu, na kitu pekee kilichotoka ni, "Tulifunzwa hivyo shule."

Hiyo ilinikaa rohoni usiku mzima. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo, kila nikiuliza swali kubwa kuna mtu wa kuniuliza nimesomea wapi. Lakini jirani hakutaka cheti. Alitaka ushahidi, na sikuwa nao. Yeye aliamini video, mimi niliamini mwalimu. Tofauti yetu ilikuwa wapi?

Nikaanza kutafuta, nikakutana na Eratosthenes. Huyu ni Mgiriki aliyezaliwa hapa hapa Afrika, karibu mwaka wa 276 K.K., katika mji wa Cyrene, nchi ambayo leo ni Libya. Baadaye alisimamia maktaba kubwa ya Alexandria, Misri. Jamaa alikuwa anashika kila kitu: mashairi, hesabu, nyota, ramani. Watu wakambandika jina Beta, herufi ya pili ya Kigiriki. Yaani wewe ni namba mbili kwa kila kitu, namba moja hakuna. Huku kwetu tungemwambia mshika mbili moja humponyoka.

Sasa ona kazi ya namba mbili. Kusini mwa Misri kuna mji wa Syene, leo unaitwa Aswan. Adhuhuri ya siku yenye mchana mrefu kuliko zote mwakani, jua huko linakuwa utosini kabisa. Kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Lakini siku hiyo hiyo, Alexandria upande wa kaskazini, kijiti kina kivuli. Alipima pembe yake akapata sehemu moja ya 50 ya duara, kama digrii 7.2.

Jua liko mbali sana, kwa hivyo miale yake inatufikia ikiwa sambamba. Kama ardhi ingekuwa bapa, vijiti vyote viwili vingekuwa na kivuli sawa. Hapa ndipo ile jometri tuliyoichukia inaingia: mstari mmoja ukikata mistari miwili sambamba, pembe zinazopishana kwa ndani zinalingana. Pembe ya kivuli ni sawa na pembe iliyo katikati ya dunia kati ya miji hiyo miwili. Umbali wa miji ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Zidisha kwa 50, unapata 250,000.

Urefu wa stadia moja wasomi wanabishania hadi leo. Ukiifanya mita 157, dunia inakuwa na mzunguko wa kama kilomita 39,000. Ukiifanya mita 185, inakuwa kama 46,000. Tunachojua sai ni kama 40,000. Kwa kijiti, bana!

Tusimpe sifa isiyo yake, lakini. Hakugundua kwamba dunia ni mviringo. Aristotle, aliyemtangulia, alishasema kivuli cha dunia kikipita juu ya mwezi uliopatwa kina ukingo wa duara. Namba mbili aliuliza swali lililofuata: ni kubwa kiasi gani?

Na hakuishia angani. Aliuliza pia mbona kuna makombe ya chaza na kome jangwani, karibu na hekalu la Amoni, mbali kabisa na bahari. Akaona jibu ni kwamba bahari iliwahi kufika huko. Kitabu chake kilipotea. Swali hilo tunalo kwa sababu Strabo aliliandika miaka kama 200 baadaye.

Usidhani hayo ni ya Misri tu. Mwaka wa 1964, Loperot huko Turkana, kulipatikana mabaki ya nyangumi yaliyogeuka jiwe. Nyangumi, Turkana! Yalipotea stoo huko Marekani, yakapatikana tena 2011. Ana miaka milioni 17, na alilala kama kilomita 740 kutoka bahari ya leo. Inaonekana aliupanda mto akapotea njia, maana wakati huo ardhi yetu ilikuwa chini, bado haijainuka. Mfupa mmoja ukawasaidia wanajiolojia kujua nchi ilianza kupanda lini.

Sasa nimerudi kwa jirani na mpango. Ana shemeji Moyale, mimi nina binamu Mombasa. Ukiangalia ramani, miji hiyo iko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini-kusini, kama kilomita 840. Tarehe 20 Machi jua linakuwa juu ya ikweta. Kila mmoja atasimamisha kijiti cha mita moja na kungoja kivuli kifike kifupi zaidi, mwendo wa saa sita na nusu. Hesabu yangu inasema cha Mombasa kitaelekea kusini, kama sentimita 7. Cha Moyale kitaelekea kaskazini, kama 6. Pembe zote mbili ukijumlisha ni kama digrii 7.5, sehemu moja ya 48 ya duara. Mara 840, piga mwenyewe.

Jirani ni mjanja. Ameniambia, "Na kama ardhi ni bapa na jua liko karibu tu?" Swali kali, ilibidi nirudi kwa karatasi siku mbili. Jibu ni kijiti cha tatu, mbali zaidi. Cairo siku hiyo, dunia ikiwa mviringo, pembe ni digrii 30. Ikiwa bapa na jua ni la karibu, haifiki 28.

Tumekubaliana: nikikosea, nitasema hapa hapa. Akikosea, atanibeba bure wiki nzima. Kuna mwenye mtu Cairo?