Nani Ameshika Daftari? Kaunti, Serikali ya Kitaifa na Kufunguliwa kwa Kenya Wakati wa Korona

Mama mboga wa mtaani, awe Nairobi au Mombasa, huanza siku yake alfajiri lakini pesa yake huiona jioni. Asubuhi hupanga nyanya kwa mafungu, mchana huikatakata sukuma wiki iwe tayari kwa sufuria, kisha husubiri. Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku matatu zinamwaga abiria kwenye steji, na kila mmoja anatafuta cha kupika usiku huo. Kafyu iliyotangazwa Kenya mwezi Machi 2020 ilianza kutekelezwa Ijumaa tarehe 27, na saa yake ya kwanza ilikuwa saa moja jioni. Haikuhitaji shahada ya uchumi kujua kisu kilipita wapi.

Jioni ileile, kwenye kivuko cha Likoni, wafanyakazi waliokuwa wakikimbizana na saa ili wavuke kurudi makwao walipokewa kwa virungu na vitoa machozi. Picha zake zilienea kote nchini kabla usiku haujaingia. Kaunti ya Mombasa haikuitunga amri ile. Polisi hawako chini ya gavana, na feri zenyewe wakati huo ziliendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa. Ila waliopigwa walikuwa wakazi wa kaunti, na zahanati ambazo wangekimbilia zilikuwa za kaunti. Wiki chache baadaye, tarehe 16 Aprili, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliiacha kafyu isimame, lakini akalaani nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza.

Mengi yameandikwa kuhusu ukatili huo, na ilistahili yaandikwe. Makala haya yanaangalia jambo lililo kimya zaidi. Katika kufunga na kufungua nchi, Kenya ilikuwa na maamuzi mawili ya kufanya: nani aruhusiwe kutoka, na nani alishwe akizuiwa kutoka. Maamuzi hayo yalifanywa kwenye meza mbili tofauti, na watu wa meza moja hawakulazimika kuangalia daftari la wenzao. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sheria ya kufungua haitekelezeki mahali ambapo fedha za kujikimu hazijafika, na kwa hiyo ngazi ya serikali inayopewa mamlaka ya uamuzi mmoja iwe na sauti katika ule mwingine.

Katiba ya 2010 haikuacha pengo kubwa hapa. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za afya za kaunti, masoko, leseni za biashara, udhibiti wa pombe, usafiri wa ndani ya kaunti na uzoaji taka. Serikali ya kitaifa inabaki na sera ya afya, hospitali kuu za rufaa na usalama. Kifungu cha 189 kinazitaka ngazi zote mbili zishirikiane, na Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 iliunda kikao cha Rais na magavana wote 47, kinachopaswa kukutana angalau mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2020 kikao hicho kiliitishwa kwa dharura zaidi ya mara moja, kikiwamo kile cha tarehe 4 Novemba maambukizi yalipokuwa yamepanda tena. Kwa hiyo vikao vilikuwapo. Swali ni ajenda.

Ajenda ilikuwa vitanda. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Waziri wake wa Afya, Mutahi Kagwe, waliziambia kaunti kwamba kabla nchi haijafunguliwa, kila moja iwe na vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa. Namba hiyo ilitajwa katika hotuba baada ya hotuba, hata ikageuka kipimo cha ubora wa gavana. Hebu iwekwe kando ya sensa ya 2019. Lamu ilihesabiwa watu 143,920, na Kiambu watu 2,417,735. Vitanda 300 Lamu ni kitanda kimoja kwa kila watu 480 hivi. Kiambu ni kimoja kwa watu zaidi ya 8,000. Kaunti yenye visiwa, ambako mgonjwa wa Faza lazima apandishwe boti ndipo afike hospitali ya mjini Lamu, ilipimwa kwa rula ileile ya kaunti inayopakana na Nairobi. Namba moja kwa wote ni rahisi kuitangaza na rahisi kuikagua, lakini haimwambii mtu lolote kuhusu hatari ya mahali. Hatimaye barabara za kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera zilifunguliwa alfajiri ya tarehe 7 Julai 2020 huku kaunti kadhaa zikiwa bado hazijaifikia namba hiyo ya vitanda. Sharti ambalo halikuzuia kitu lilikuwa limekula miezi ya mazungumzo.

Baadhi ya kaunti hazikungoja kuambiwa. Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilikigeuza kiwanda chake cha nguo kuwa cha barakoa wakati nchi nzima ilikuwa ikizitafuta kwa tochi. Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 25 Februari 2020, majuma mawili na ushei kabla ya kisa cha kwanza kutangazwa, gavana wake alitia saini kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi za afya, usafiri, mipango na ujenzi, na mwezi Machi idara mpya chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi ikaanza kazi. Jiji lenye watu milioni 4.4, lililokuwa kitovu cha maambukizi, liliingia katika janga likiwa na makao makuu mawili. Mkazi aliyetaka kujua nani anahusika na zahanati ya mtaa wake alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa.

Sasa fedha.

Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ya kitaifa ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, ikawaondolea kodi ya mshahara wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na ikatenga shilingi bilioni 10 kwa wazee, yatima na wengine wasiojiweza. Nafuu ya kodi ya mshahara ilikuwa halisi kwa mwenye hati ya malipo. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako kwenye jua kali, na mama mboga hana hati ya malipo. Alicho nacho ni tiketi ya soko, ile karatasi ndogo anayokatiwa kila asubuhi na karani wa kaunti. Uagizaji wa mitumba nao ulipigwa marufuku na serikali ya kitaifa tangu Machi hadi Agosti 2020, na aliyekaa bila bale mpya ni mchuuzi yuleyule anayelipa ushuru kwa kaunti. Mapato ambayo kaunti zote hujikusanyia yalishuka kutoka takriban shilingi bilioni 40.3 katika mwaka wa fedha 2018/19 hadi bilioni 35.8 mwaka uliofuata, kwa hesabu za Msimamizi wa Bajeti. Aliyefunga duka ni mmoja, aliyepoteza kodi ya duka ni mwingine.

Na katikati ya hayo, Seneti ikagawanyika juu ya kanuni mpya ya kugawa mapato baina ya kaunti. Shilingi bilioni 316.5 zilizopaswa kuanza kutoka Julai 2020 zilibaki kuwa hoja ya mjadala kikao baada ya kikao, hadi maseneta walipopatana tarehe 17 Septemba. Magavana walikuwa wameshatishia kusimamisha shughuli. Wauguzi waliosifiwa kwenye runinga kama mashujaa walikuwa wakiuliza mshahara uko wapi. Mkono mtupu haulambwi, na kaunti zilizotakiwa kusimamia kufunguliwa kwa nchi zilikuwa na mikono mitupu kwa miezi miwili na nusu.

Posho ya shilingi 1,000 kwa wiki, iliyotumwa kwa simu kwa kaya maskini kuanzia Aprili hadi Novemba 2020, ndiyo iliyoonyesha nyufa waziwazi. Ukiigawa kwa siku saba inabaki chini ya shilingi 143 kwa kaya nzima, lakini kwa aliyeipata, ujumbe ule wa simu ulikuwa unga wa wiki. Swali lilikuwa nani anaandikwa. Orodha ilipita kwa chifu, mzee wa mtaa na mabalozi wa Nyumba Kumi, ambao wote wanaripoti kwa serikali ya kitaifa. Wasimamizi wa wadi, wahudumu wa afya wa kujitolea wanaojua mlango gani una mgonjwa wa kifua kikuu na upi una mama mjamzito, na makarani wa soko wanaojua nani hajafungua kibanda wiki ya tatu sasa, wanasimama upande wa kaunti. Ujuzi wao haukuwa sehemu rasmi ya orodha ile. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021, iliandika kwamba mpango huo uliwafikia chini ya asilimia 5 ya familia zilizokuwa na shida jijini Nairobi, na kwamba vigezo havikuwekwa wazi huku maofisa wakiwaingiza ndugu na marafiki.

Chifu si mtu mbaya kwa sababu ni chifu. Anajua boma lake, mara nyingi kuliko yeyote. Lakini daftari moja lisilo na wa kulilinganisha nalo ni mwaliko wa upendeleo, na hilo ni kweli hata daftari likiwa mkononi mwa kaunti.

Mradi wa kitaifa wa Kazi Mtaani unatoa mfano wenye sura mbili. Ulianza mwishoni mwa Aprili 2020, ukapanuliwa Julai hadi vijana zaidi ya 270,000, waliolipwa shilingi 455 kwa siku kuzibua mitaro, kufyeka na kuzoa taka. Vijana walikula, na mitaro ikapitisha maji. Wanaoubeza hawajaishi kando ya mtaro ulioziba msimu wa masika. Hata hivyo kuzoa taka ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Fedha zilishikwa na idara ya kitaifa, na jembe lilifanya kazi ya kaunti ambayo haikuwa na usemi juu ya ratiba. Mradi uliposita, taka zilirudi kwa mwenye nazo.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Magavana si malaika, na mtu angeweza kusema kwamba kuwapa daftari la maskini miaka miwili kabla ya uchaguzi ni kumpa fisi bucha. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ilikagua matumizi ya fedha za korona katika kaunti na kukuta dosari za manunuzi na nyaraka. Lakini ofisi hiyohiyo ilikuta makubwa zaidi katika mamlaka ya kitaifa ya kununua dawa na vifaa. Na Aprili 2020, ugawaji wa chakula huko Kibera ulizua mkanyagano uliojeruhi watu, kwenye uwanja wa ofisi ya utawala wa kitaifa. Wizi na vurugu havikuchagua ngazi. Kinachofuata hapo si kuihamisha orodha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ni kuwa na mikono miwili juu yake: chifu aandike, mhudumu wa afya wa kaunti athibitishe, majina yabandikwe ukutani penye zahanati na sokoni, na anayelalamika awe na mahali pa kupeleka lalamiko asipolazimika kumkabili aliyemwacha nje.

Gharama ya kutofanya hivyo ilionekana mwaka 2021. Kodi ya ongezeko la thamani ilirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari. Posho ya wiki ilikuwa imekwisha Novemba. Tarehe 26 Machi Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru zikafungwa tena, kafyu ikirudishwa hadi saa mbili usiku, mpaka tarehe 1 Mei. Juni ikawa zamu ya kaunti 13 za magharibi na kandokando ya Ziwa Victoria, kutoka Busia hadi Migori, zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni. Mvuvi wa omena huingia ziwani usiku na taa zake, kwa sababu samaki huyo hufuata mwanga gizani. Kumwambia awe nyumbani saa moja ni kumwambia asivue. Kufunga kulirudi mara mbili, lakini posho ile ya shilingi 1,000 haikurudi nako.

Yapo marekebisho yasiyohitaji kura ya maoni. Kikao cha Rais na magavana kinaweza kujiwekea kanuni kwamba hakuna pendekezo la kufunga au kufungua eneo litakalojadiliwa bila jedwali la fedha kando yake: kaya ngapi katika wadi zipi, shilingi ngapi kwa wiki ngapi, kutoka kapu lipi, na orodha imethibitishwa na nani. Hazina inaweza kufungua ruzuku ya dharura inayofuata mapato ya soko yaliyopotea, kwa kuwa takwimu hizo kaunti huzipeleka kwa Msimamizi wa Bajeti kila robo mwaka. Na saa ya kafyu inaweza kupangwa baada ya kumuuliza karani wa soko swali moja: wateja huja saa ngapi?